Tulivyozilinda Nyasi Zikiwa Zimelala

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mashine wala jembe. Nilipewa ufito mrefu wa mwanzi, nikaambiwa nikafagie umande. Nilikuwa nimetoka Bukavu, nikabeba mizigo katika soko la Warwick, hapa Durban, kwa muda mrefu, na nilidhani wananitania. Déo, Mrundi aliyenitangulia pale, alicheka mpaka akashika kiuno, akaniita mzee kwa Kifaransa.

"Vieux, umande iko na ugonjwa ndani. Piga tu!"

Alikuwa sahihi. Umande ukikawia juu ya nyasi fupi asubuhi ya baridi, kuvu huota na kuacha mabaka ya mviringo. Ufito ukipita, matone huanguka na nyasi hukauka mapema.

Ninyi mnaoanza kazi ya viwanja vya gofu leo, huo ndio mlango nilioingilia. Kutoka ufito nilipanda hadi mashine ya kukata, na mwishowe nikawa induna, yaani kiongozi wa kikundi. Nilifanya kazi chini ya wasimamizi watatu wa uwanja. Wa kwanza alinifundisha kunoa visu. Wa pili alinifundisha kuwahi. Ninayetaka mumjue ni wa tatu, mama wa Kizulu aliyesomea nyasi chuoni. Tulimwita Mama Msimamizi.

Baridi ya Durban haina theluji. Mchana unaweza kuvaa fulana tu. Lakini mvua hukatika, usiku hupoa, na nyasi za grini, kile kiwanja kidogo laini chenye shimo la mpira, huacha kukua na kugeuka rangi ya majani makavu ya mahindi. Hazijafa, zimelala. Kwa anayelipa ada ya klabu, tofauti hiyo ni ngumu kuiona.

Katika baridi ya kwanza ya Mama pale, Kapteni wa klabu, kiongozi wa wanachama, alimjia kwa hasira. Mashindano makubwa yalikuwa katikati ya majira ya kuchipua, baridi ikishaisha, na alitaka tupande juu ya grini nyasi za baridi, zile zinazobaki kijani wakati nyingine zimelala.

"Zitapendeza sasa, Bwana Kapteni," Mama alimjibu. "Joto likirudi zitazinyang'anya hizi maji na mwanga. Utacheza mashindano yako juu ya viraka."

"Na hizi zisipoamka?"

"Nitaondoka mwenyewe."

"Sitasubiri uondoke mwenyewe."

Mama hakupandisha sauti. "Basi piga magoti, Bwana."

"Mimi?"

Sisi tulitazama miti. Kapteni alipiga magoti. Mama alichomoa kijishina kimoja kati ya vile vinavyotambaa chini ya majani, akakikwaruza kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe na chenye maji. Hivyo ndivyo tunavyojua kama nyasi ni hai.

Kapteni alijipangusa suruali. "Mpaka siku ya mashindano," alisema.

Kuanzia hapo tuliinua visu kidogo, tukaacha nyasi ndefu kuliko kawaida ili zisichoke. Hatukuweka mbolea, maana mbolea huamsha jani kabla mzizi haujawa tayari. Maji tulitoa kwa kiasi. Mwezi wa nane ukaja ule upepo wa moto kutoka bara, unaoweza kuunguza grini mchana mmoja. Mama alishika mpira wa maji mwenyewe, akanyunyiza kama manyunyu. Hakutaka kulowesha udongo, alitaka kupoza majani tu.

"Eish, Mama, pause iko wapi leo?" Déo alilalamika, akitaka mapumziko.

"Iko kesho," alimjibu. Alikuwa amejifunza Kiswahili chetu kutoka kwetu, na alikitumia bila haya.

Joto lilipoanza kurudi, alituamuru kutoboa grini zote. Matundu ya ukubwa wa kidole, kisha mchanga ndani yake, ili mizizi ivute hewa. Wanachama walikasirika, kwa sababu mipira yao iliruka-ruka.

"Mmepanda viazi hapa?" mmoja aliuliza.

"Ndiyo, boss," Déo akasema. "Lete gunia mwezi ujao."

Lakini mvua ilichelewa. Kapteni alipita kila alasiri bila kumsalimia Mama, na sisi tulianza kunong'ona nani ataletwa mahali pake. Yeye aliendelea kupanga kazi za wiki inayofuata. Mvua ilipokuja, ilikuja polepole, na kijani kilianzia kwenye yale matundu: kila moja lilikuwa kama limeota ndevu.

Siku ya mashindano, Kapteni alifika grini ya mwisho akibakiwa na pigo fupi, hatua mbili hivi. Mpira ulibingirika umenyooka kama juu ya meza, ukapita kando ya shimo. Wasimamizi wamefukuzwa kwa visingizio vidogo kuliko hicho. Kapteni alivua kofia, akamgeukia Mama aliyesimama nasi pembeni.

"Grini haina kosa," alisema. "Mkono ni wangu."

Sasa nimestaafu. Naishi mtaa wa Umbilo, kwenye fleti isiyo na hata kipande cha nyasi, na vijana huniuliza siri ya kazi hii. Siri sina. Nilimwona mtu akifanya kila alilolijua, kisha akaisubiri mvua asiyoweza kuiamuru. Ukipata bosi wa namna hiyo, kaa karibu naye.

Wageni walipoondoka jioni ile tulitegemea hotuba, au angalau soda. Mama Msimamizi aliinama, akaugusa uwanja kwa kiganja.

"Sharp," alisema, yaani safi. "Kesho tunashusha visu kidogo."

Tukashusha.