Kiti Kimoja, Nyumba Kumi na Tisa

"Mama Plamedie, weye hautetee hesabu. Unatetea mama yako!"

Chef Antoine, bosi wetu, alisema hivyo mbele ya ofisi nzima, kidole kimeninyookea.

"Ndiyo, namutetea," nikamjibu. "Na hesabu yako nayo iko ya bongo, uongo mutupu. Yote mbili inawezekana."

Msicheke. Yalinipata mimi mwenyewe, Oktoba ya mwaka jana, hapa hapa Lubumbashi.

Kazi yetu ilikuwa kupima mitaa: mvua kubwa ikija, upi utasimama, upi utaanguka? Unaingia nyumba kwa nyumba na tablet. Unauliza wana nini, watakimbilia wapi, watapikia nini. Unapiga picha. Mwisho tablet inatoa alama, sifuri mpaka mia.

Mtaa ukipata chini ya arobaini, unachimbiwa mfereji kabla ya mvua.

Ukipata zaidi, unaambiwa hongera. Unangoja mwaka ujao.

Mtaa wa mama yangu, kule Kampemba, pembeni ya kijito, ulipata sabini na nane.

Sabini na nane! Mtaa ambao Februari maji yalibeba ukuta wa chumba cha mama, naye akashinda juu ya meza kutwa nzima, mkono mmoja Biblia, mwingine kuku.

Mwaka ujao? Mama hakuwa na ukuta wa kungojea mwaka ujao.

Sheria ilinikataza kuhesabu mtaa wa ndugu zangu. Kwa hiyo alikwenda mwenzangu Osée, baba wa watoto wanne, mtu makini ambaye hata jina lake hulisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi.

"Osée hakudanganya," chef akasema. "Angalia picha. Biti kumi na mbili kila nyumba! Sufuria kubwa! Bâche ya kujifunika mvua! Bale bantu beko na bintu kunipita miye."

Nikachukua tablet.

Nyumba ya kwanza, viti vya bluu. Ya pili, viti vya bluu. Ya tatu, vya bluu.

Kwenye nyumba ya saba mkono ukaniganda.

Kiti cha mbele kilikuwa na mguu uliofungwa kwa waya wa shaba. Mizunguko mitano, ncha imekunjwa kwa ndani isichane nguo za watu. Nikarudi nyuma: waya ule ule. Nikaenda mbele: waya ule ule.

Nyumba kumi na tisa. Kiti kimoja.

Waya ule niliufunga mimi, siku ya kilio cha baba.

"Chef, hii biti ni ya kilio! Ni ya avenue muzima, mama yangu njo anaichunga mu depot. Muntu akikufa njo inatoka. Na ile bâche, na ile sufuria. Banazungusha tu!"

Akaangalia picha. Akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa nne.

"Saa sita juste tunatuma hesabu. Kama ni bongo, benyewe baseme. Picha mupya, kila nyumba. Mwenye kuchunga biti atie sahihi. Na weye, Mama Plamedie, hapana kugusa tablet. Osée apige."

Tukapanda pikipiki mbili.

Tulimkuta mama uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, nani alizungusha biti ya kilio?"

Akaendelea kutwanga.

"Mama!"

"Punguza sauti, uko na mugeni." Akamwona Osée vizuri, akageukia uzio. "Mama Nono! Leta biti!"

Kweli ya Mungu, kabla mama hajafunga mdomo, viti vitatu vya bluu vilikuwa vimeshapita juu ya uzio, mkono kwa mkono, vimefutwa vumbi na kupangwa. Osée alibaki kama mtu aliyeona mazingaombwe.

Wepesi ule tablet haikuwa na swali lake.

"Ni miye njo niliwatuma," mama akasema. "Huyu papa anatumika kazi na weye. Ulitaka arudie ku bureau aseme mama yako, weye Delphine, anakaa chini? Nikaambia majirani: muchunge sura ya mutoto wangu."

Ndugu zangu, hapo nikaelewa.

Mtaa mzima ulikuwa umetunza heshima yangu. Na heshima yangu ilikuwa inakwenda kuwazamisha.

"Mama, sababu ya hii biti, habatachimba canal."

Mchi ukasimama hewani.

"Habata nini?"

"Habatachimba. Banasema muko na nguvu."

Akageuka kutazama ukuta wake. Mabati matatu ya zamani, yameshikiliwa na mawe.

"Nguvu," akasema polepole.

"Useme mbele ya bantu kama ile bintu si ya kila nyumba. Utie sahihi. Halafu kila muntu apigwe picha na bintu yake mwenyewe."

"Hapana."

"Mama..."

"Delphine, miye nilikuzaa na haya."

"Maji haina haya, mama!"

"Na picha tutakaa wapi? Chini? Kukaa chini mbele ya bageni ni ya kilio!"

Nikaangalia saa. Mimi na diploma yangu. Saa tano kasoro robo, nyumba kumi na tisa, na mama yangu ameshika mchi kama askari mlangoni.

Nikakunja sketi ya kazi. Nikakaa chini, kwenye udongo, karibu na kinu.

"Basi tulie leo," nikasema. "Mbele maiti haijafika."

Mama aliweka mchi chini. Aliingia ndani, akatoka na firimbi ya kilio, akaipuliza mara tatu.

Watu wakatoka mbio. "Nani amekufa? Nani?"

"Hakuna bado," mama akasema. "Nilibadanganya bantu ba hesabu, nikawatia na ninyi mu bongo yangu. Rudisheni biti yote mu depot. Kila muntu akae ku mulango yake, vile tunakaa siku zote."

"Hata miye na hii goti?" Mama Nono akauliza.

"Hata weye. Goti ikae chini, mudomo ikae kimya."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Lakini viti vilirudi, kimoja kimoja, na kile cha waya kikawa cha mwisho.

Nawaambia kina mama wenzangu mnaosoma hapa: mgeni wa kula, mpe kiti, hata cha kuazima. Mgeni wa kuhesabu, muonyeshe sakafu. Umaskini unaoufichia uso leo utakuja wenyewe na maji, bila kubisha hodi.

Mama alifunga depot kwa kufuli. Akatia sahihi kwenye tablet kwa kidole, jina lake lote, Chilufya, herufi kubwa kubwa. Kisha akaja akakunja kitenge chake, akakaa chini kando yangu.

Nikamshika mkono.

"Papa, ngoja," akamwambia Osée, kisha akanigeukia mimi. "Weye ondoka mu picha, Delphine. Nyumba ni yangu."

Nikasogea.

"Sasa piga, mbele roho yangu haijabadilika."

Osée akapiga.