Mgongo Nilioupa Uso

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu huko Buterere, miaka ile ya vita tuliyolala na viatu miguuni, gunia letu la mbegu ya mpunga lilipotea. Tulikuwa wanawake sita tuliolima pamoja: Languida, Mwamini, Spesioza, Zena, Marigarita, na mimi Fatuma. Bila mbegu ile, watoto wetu wangekula nini msimu huo?

Mwanangu, shule niliishia darasa la pili, lakini majina ya watu Mungu alinijalia. Mtaa mzima ulijua kwamba Fatuma hasahau mtu, nami nilikuwa mwanamke mbichi bado, sifa hiyo ikanivimbisha kichwa. Basi walipouliza nani alipita kwenye tuta la shamba alfajiri, nikajibu palepale, "Ni Salvatori. Nimemwona na baiskeli, kabeba gunia."

Salvatori alikuwa jirani mgeni, aliyekimbia vita huko milimani na mkewe na watoto wanne. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wakati ule sote tulikuwa tumeumwa. Lisemwalo lipo, watu wakasema. Kabla ya adhuhuri wanaume walikuwa wamekata shauri: ahame na watu wake siku ileile. Na barabara hazikuwa salama, mwanangu. Kumfukuza mtu mtaani ilikuwa kumpeleka kwenye risasi.

Nikaenda kumpa habari mama mkwe wangu, Bi Zaituni. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Huyo Salvatori, we ulimuona uso?"

"Mama, mi najua ni yeye."

"Sikuuliza unajua nini. Nauliza jicho yako ilikula nini."

Nikafikiri. Nikamwambia jicho lilikula mgongo, shati la kijani, baiskeli, na gunia.

"Na uso?"

"Aligeuka, akanicheka."

"Ee! Asubuhi uliponiambia mimi, hakugeuka. Saa ine kwa Languida, nilikusikia, akageuka. Sasa anacheka. Ukifika kwa shefu wa mtaa, si ataimba?"

Nikanuna. Yeye akatupa kijiwe pembeni, akauliza taratibu, "Na baiskeli yake, ilikuwa inalia?"

Hapo nikakumbuka. Baiskeli ya Salvatori ilipiga kelele hata watoto wakaiita Jogoo. Ikiwa mbali unaisikia. Yule wa alfajiri alipita kimya kama paka. Sikio langu lilijua tangu mwanzo, ila mimi sikuliuliza.

"Mwana wangu," akasema, "mutu akiogopa jiwe, kila punje kwenye ungo inakuwa jiwe. Jicho ilileta mgongo. Woga ikatia uso, mudomo ikatia kicheko. Haya, nenda. Umemufunga na mudomo, mufungue na mudomo."

Nilikimbia. Kwa Salvatori nilimkuta mkewe anafunga godoro kwa kamba, wanaume wamesimama, shefu yuko katikati. Nikasema mbele yao wote, "Niliona mgongo. Uso niliuweka mimi."

Mmoja akanizomea, "Fatuma wa majina yote! Leo jina limekutoroka?"

Aibu ilinichoma mpaka masikioni, lakini nilisimama. Shefu akamwambia yule mama afungue godoro lake.

Mwizi hatukumjua hadi leo. Languida alipata nusu gunia la mbegu kwa kaka yake, tukapanda tumechelewa, lakini tulipanda, na Salvatori akaja kutuinulia matuta maji yalipojaa. Nilipomwomba msamaha alicheka kweli safari hii. "Fatuma, mi sitatia hii kinga, hii baiskeli yangu, mafuta maisha yangu yote. Ndiyo shahidi yangu!"

Basi sikia, mwanangu. Jicho ni mjumbe tu, halileti habari yote. Na akili haipendi pengo. Hulijaza kwa kile kilichokuwa tayari moyoni, iwe woga, iwe chuki. Kumbukumbu nayo, kila ukiisimulia unaishika upya, na mkono huacha alama. Ukiitwa kumtaja mtu, tenganisha kwanza: hiki nilikiona, hiki nilikisikia, hiki nilikidhania. Ukigundua umekosea, rudi useme upesi, hata wakucheke. Aibu hupoa, mtu aliyekwisha kupotea harudi.

Mungu akupe jicho la subira, na ulimi usioona haya kusema sijui. Na majina ya wenzako yawe salama mdomoni mwako, Amina.