Mwigizaji Niliyemswalia Hai

Twalib Mwinyikai alizaliwa Leicester, Uingereza, kwa wazazi wa Unguja, na riziki yake yote ilitokana na kufa. Miaka kumi na miwili alikufa kwenye majukwaa ya London, kwa upanga, kwa sumu, kwa mapenzi. Kwenye filamu walimuua hata hujakaa vizuri kitini. Filamu mojawapo ikamleta Johannesburg, akamwoa Fauzia wa Tanga, wakapanga nyumba mtaa wa Rosettenville. Nilimpenda, maana hakuwa na maringo.

Mimi ni Burhani, mwosha maiti wa msikiti wetu. Mwaka jana alipata filamu yenye mazishi ya Kiislamu, akaniita niwaelekeze. Nikamvika sanda, nikampaka karafuu maiti, nikasimama kumswalia. Kwenye takbira ya pili mwongozaji akasema inatosha. Lakini mazoea yana tabu. Miaka thelathini sijamwacha maiti njiani. Nikanuia kweli, nikakamilisha takbira nne, nikatoa salamu. Mjinga mimi!

Twalib alichelewa kuinuka. Alisema salamu yangu aliisikia kutoka mbali sana.

Wiki iliyofuata akanijia. "Eish, Shehe, kwenye robot, hizi taa za barabarani, magari hayanisubiri. Na ile milango ya maduka ya Sandton inayofunguka yenyewe, kwangu haifunguki."

Nikamcheka. Nikamwambia hayo ni maigizo yamempanda kichwani.

Kisha akaja Fauzia, hata kukaa hakutaka. "Jana nimepakua, nimekula, nimeosha vyombo. Ndipo nikamwona yupo mezani ananitazama, hana sahani. Mume wangu, Shehe! Nirudishie."

Niliogopa. Maji yakimwagika hayazoleki, na dua ya kumrudisha aliyekwisha kuswaliwa sikufundishwa.

"Mlete Ijumaa," nikasema. "Aswali ubavuni kwangu, kama walio hai."

Walikuja mapema. Fauzia akabaki getini, Twalib akasimama kulia kwangu, kanzu yake imepigwa pasi vizuri. Imamu akatuambia tusogeleane, tuzibe mapengo. Nikasogea kulia mpaka bega langu likagusana na la Naseeb, muuza matunda, safu ikanyooka. Nilipogeuza uso kutoa salamu, nikaona uso wa Naseeb, ndipo nikamkumbuka Twalib.

Nikatoka mbio bila viatu. Fauzia alikuwa palepale getini, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Shehe," akaniuliza, "hivi mimi hapa nimekuja kumsubiri nani?"