Nafasi ya Oleta Mbele ya Kipaza Sauti

Aliyeniletea habari ni Trula, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito. Alinikuta naanika nguo za mwanangu, akaegemea nguzo ya kamba kama mtu aliyebeba mzigo wa maneno.

"Umesikia ya Oleta?" akaniuliza. "Kanunua tiketi ya mstari wa mbele. Anakwenda kumzomea mdogo wake mbele ya watu."

"Bi Oleta hawezi kumzomea mtu."

"Wewe kidonda hiki hukijui. Mwanamke aliyeanza wivu mwanawe yuko tumboni, na leo mwanawe ana kipara? Huyo hata kiatu anaweza kurusha."

Maneno ya Trula ukiyapunguza nusu unabaki na ukweli, na hiyo nusu ilitosha kunitia wasiwasi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeombwa nimpeleke kwa gari.

Nyumba ya Oleta Stamper iko juu ya yangu, kwenye bonde letu hili la Virginia ambalo jua huchelewa kulifikia kwa sababu ya milima. Alikuwa mpishi wa shule mpaka akastaafu. Mumewe alichimba makaa ya mawe, kifua kikamwondoa. Mwanangu akilia mpaka nikachoka, Oleta hushuka bila kuitwa, humweka begani na kuzunguka naye uani mpaka anyamaze, kisha hunirudishia bila neno.

Kabla ya hayo yote alikuwa mwimbaji wa bendi ya Dutton Creek, tangu walipokuwa wakipiga kwenye minada ya tumbaku na karamu za kanisa. Hobart Dutton, mwenye bendi, aliimba wimbo wenyewe, naye Oleta akaimba juu yake, ile sauti nyembamba inayokaa juu ya wimbo kama moshi juu ya paa. Kisha akapata mimba. Akamwita mdogo wake, Nadine, akamwambia: nishikie nafasi yangu mpaka mtoto atembee. Mtoto akatembea, akakimbia, akaoa. Nadine hakuirudisha nafasi, na Oleta hakuidai.

"Kitu ulichoshikiwa hakiombwi," husema. "Aliyeshika ndiye anayepaswa kukumbuka."

Redio yetu huwapiga Dutton Creek kila Jumamosi. Mtu mwingine mwenye moyo kama wake angeizima. Oleta huiongeza sauti. Akimenya viazi huimba palepale anapoimba Nadine, sauti ileile, kwa nguvu zaidi, kama watu wawili wanaogombania kiti kimoja.

"Sikiliza vizuri pale juu kabisa," huniambia. "Mimi naifika. Mwenzangu anaibembeleza."

Mwaka huu Hobart akatangaza kwamba bendi inaaga. Walizunguka majimbo mengi, na onyesho la mwisho wakaliweka nyumbani, katika ukumbi wa mjini kwetu, Jumapili mchana watu wakishatoka ibadani. Na kila mtu alijua desturi yao ya safari hiyo: ukifika wimbo wa mwisho, yeyote aliyewahi kuwa na bendi, akiwa ukumbini, huitwa jukwaani.

"Nataka wimbo mmoja," Oleta aliniambia njiani. Alikuwa amevaa gauni la bluu, na asubuhi nzima hakunywa kahawa, maji ya chumvi tu. "Mmoja. Mahali pangu, sauti yangu. Baada ya hapo hata wanizike."

"Na Bi Nadine atasimama wapi?"

"Kwani mimi nilisimama wapi?"

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni, na Trula nilimwona mistari miwili nyuma yetu. Wazee wameweka kofia magotini, wajukuu wamekaa juu ya wazee. Bendi ikatoka, wakakizunguka kipaza sauti kimoja kama kawaida yao, wakikisogelea na kukiacha kwa zamu kama watu wanaoota moto. Nadine alikuwa amezifunga juu nywele zake nyeupe, na buti zake zimedariziwa maua. Kila kilipofika kiitikio, Hobart aliinamisha kichwa na Nadine akaleta chake, mashavu yakabaki kidogo tu kugusana.

"Ona anavyojiegemeza," Oleta akasema chini kwa chini.

"Kipaza sauti ni kimoja, Bi Oleta."

"Hata zamani kilikuwa kimoja. Mimi sikumlalia mtu." Akaelekeza kidevu miguuni pa Nadine. "Na buti zile ni za wasichana."

"Zimempendeza."

"Wewe umekuja hapa na nani?"

Mwanangu alikuwa amelala mapajani pangu, nami nikawa naangalia vidole vya Oleta vikiuminya mkoba wake kila Nadine alipopanda juu. Sikumlaumu. Nina dada mjini Roanoke, hana mtoto, ambaye hulala usiku kucha na kwenda kutengenezwa nywele, najua jicho linavyoweza kuuma.

Ukafika wimbo wa mwisho. Hobart akamwita mzee mmoja aliyewahi kuwapigia banjo, akapanda kwa mkongojo watu wakimshangilia. Akamwita na mpwa wake mwenyewe, aliyewahi kuimba nao. Kisha akainua mandolini yake. "Basi, tumetimia," akasema.

Oleta alikuwa amekwisha kuinuka nusu. Akakaa tena taratibu, kama mtu aliyekuwa akitengeneza gauni tu.

"Kanisahau," akasema.

Pale jukwaani Nadine akamshika Hobart mkono. "Hatujatimia. Dada yangu yuko mstari wa mbele, ananikodolea macho tangu wimbo wa kwanza. Njoo, Dada, kabla hujanichoma."

Watu wakacheka. Oleta hakucheka. Alipanda ngazi akiwa amenyoosha shingo, Nadine akarudi nyuma, na kando ya Hobart pakabaki wazi. Oleta akaingia pale.

Hobart akaimba ubeti. Kiitikio kikaja, na Oleta akapanda. Kweli aliweza. Sauti yake ilikuwa kavu na nyembamba, ikanisimamisha vinyweleo vya mikono, na Hobart akafumba macho kama aliyeshikwa na jambo la zamani. Nikamtazama Nadine kule nyuma. Uso wake ulikuwa umekaza, nikajua leo ni zamu yake kuumwa.

Kisha wimbo ukafika pale juu kabisa. Oleta alifungua mdomo na hakikutoka kitu, pumzi tu. Lakini sauti ilisikika. Ilitoka nyuma yake. Nadine hakusogea, hakuinua hata kidevu, aliitoa palepale aliposimama, na wimbo uliposhuka akamwachia dada yake. Ikawa hivyo kila kiitikio. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Walisikia sauti moja, hawakujua ni ya watu wawili.

Oleta hakungoja kukumbatiwa. Nilimkuta ameketi kwenye gari, mlango wazi, miguu kwenye kokoto. Mzee mmoja aliyepita akagonga boneti. "Umetukumbusha mbali, Oleta." Akamwitikia kwa kichwa, kama mtu anayesifiwa kwa chungu alichopika mwenziwe.

"Uliona?" akaniuliza.

"Niliona."

"Na Trula?"

"Trula alikuwa analia."

Magari yalianza kuondoka moja moja.

"Hakukurupuka yule," akasema. "Alijua ni wapi nitashindwa. Alikuwa ananingoja pale." Akautazama mlango wa ukumbi. "Kule jikoni, na redio. Pale juu. Siku zote nilidhani anayefika ni mimi, kumbe ni yeye."

Nikampangusa mtoto mdomo.

"Kachukua nafasi, kachukua sauti, kisha kanipa mkopo mbele ya watu," akaendelea. "Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Hata kumchukia vizuri hakuachii."

"Labda alitaka usiaibike."

"Najua alichotaka. Ndicho kinachoniudhi."

Akanyoosha mikono, nikampa mtoto, akamweka begani.

"Binti, rudi ndani, pita mlango wa nyuma," akasema. "Mwambie Nadine kesho hana safari, aje kwangu anionyeshe anapumulia wapi kabla ya kupanda pale. Nikienda mwenyewe nitamtukana."

Nilikuwa nimeshageuka aliponiita tena.

"Na usimwambie kwamba ameimba vizuri. Hilo ameshaambiwa ya kutosha."