Hakimu Aliyehesabu Mwezi Mmoja

Mwanangu, wewe na wenzako mliokuja kunisikiliza, kuna siku moja naikumbuka kuliko hata ile niliyoolewa. Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu karibu na Litein. Mume wangu, baba Chelangat, aliamka na umande, akanoa panga, akaingia kwenye chai yake na kuikata yote mpaka magotini. Yote! Sisi watu wa chai tunakata kipande kipande, ili nyumba isikose majani ya kupeleka kuuza kituo cha chai. Jirani akamuuliza akiwa ng'ambo ya ua, "Wee Kipkoech, umerogwa?" Akacheka tu.

Wakati huo alikuwa amenifukuza na kuleta mwanamke mwingine, nami nilikuwa nakaa jikoni kwa mama yake na watoto wangu. Nilikuwa nimempeleka korti ya Kericho kudai matunzo. Chelangat, kifungua mimba wangu, alikuwa darasa la nane, akili kama wembe. Nilitaka aende sekondari. Hicho tu.

Siku ya kesi, mwanamume yule alikuja na koti lililotoboka ambalo hata kulimia hakulivaa. Akampa hakimu karatasi ya malipo ya mwezi uliopita. Kilo zenyewe, aibu! Hakimu alikuwa mtu wa mbali, chai aliijua ikiwa kwenye kikombe. Nikasimama.

"Mheshimiwa, hiyo chai aliikata makusudi kabla ya mwezi huo kuanza. Ngoja kidogo itarudi na nguvu. Tena bonasi ya kiwanda kwa majani aliyochuma mwaka mzima bado haijatoka. Na ana ng'ombe wa maziwa."

"Mama, hiyo bonasi unayo hapo?"

"Ningekuwa nayo ningekuja kwako kutafuta nini?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alisema korti inafuata kilicho mbele yake, akaugawanya ule umaskini wa mwezi mmoja, akatupa fungu letu: pesa ya chumvi na sabuni, na sabuni yenyewe ya kipande.

Jioni mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya wa watoto, alimwita mwanawe. Hakumpa kiti.

"Chai ukiikata inaota. Huyu msichana ukimkata, ataotea wapi?"

"Mama, korti imeamua. Mimi ni nani nishindane na serikali?"

"Wewe ni mwizi niliyemzaa mwenyewe. Toka."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hawakukosea.

Chai iliota, mwanangu. Iliota nene. Bonasi ilipotoka akanunua mabati, na redio iliyosikika mpaka barabarani. Nikarudi korti. Karani akaniambia amri imeshaandikwa, nikitaka ibadilishwe nilete wakili. Wakili ningemlipa na nini, na ile sabuni?

Chelangat aliitwa sekondari. Hakwenda. Wenzake walipobeba masanduku yao, yeye alibeba kikapu mgongoni akaenda kuchuma majani ya kampuni. Leo ni mama wa watu na mgongo wake umekwisha. Hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu. Mwenye kovu usidhani amepona.

Sasa sikiliza, wewe uliyesoma, ambaye kesho utakuwa hakimu au utasimama mbele yake. Usianze na mfuko wa baba, kwa sababu mfuko una mdomo na unadanganya. Anza na mtoto: anakula nini, analala wapi, shule inataka nini. Ukimaliza, mpime baba kwa mwaka wake mzima, majani na bonasi, maziwa na mahindi, maana mkulima haishi kwa mwezi. Usipoijua kazi yake, tuma mtu akaone shamba na awaulize majirani. Na amri isigeuke jiwe. Mtoto anarefuka, shilingi inafupika; mama akirudi kuuliza, asiambiwe alete wakili kwanza.

Na wewe kijana wa kiume, usinichekee hapo nyuma. Ukimficha mtoto wako chakula, hujamkomoa mama yake. Umekula damu yako.

Haya, enda salama. Mungu akunyeshee mvua isiyo na mawe. Akupe ulimi unaosema ukweli hata ukweli ukiwa na gharama. Na mtoto wako, awe wa nyumbani au wa nje, asilazimike kwenda kortini kuuliza kama ana baba.