Mpiga Mbiu na Ruhusa ya Kusema

Mpiga mbiu wa mtaa wetu wa Tanambao alikuwa na sauti ya kutawanya kuku, na kila neno alilisindikiza kwa kutunyooshea kidole. Miaka michache baada ya uhuru, dikteta alipoangushwa, kiongozi mpya alimtuma atusomee mageuzi: wakulima wauze mpunga wao popote, na kila raia aseme atakalo.

"Mna ruhusa ya kusema!" akanguruma. "Nyamazeni!"

Tukanyamaza. Bi Chamsia, muuza vitumbua, akainua mkono.

"Mwanangu, suruali yako imechanika nyuma. Mwaka wa tatu huu tunaogopa kukuambia."

Mpiga mbiu akajipapasa, akashusha kidole.

"Kuna mwingine mwenye neno?" akauliza kwa upole.

Hadi adhuhuri, foleni ya wenye neno ilikuwa imefika msikitini.