Kompyuta Yenye Jina la Baba Mkwe

Katika ukoo nilioolewa, mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Nilifundishwa hilo jioni ya kwanza nilipofika Kasansa, hata kabla sijaonyeshwa jiko. Mama mkwe alinikalisha mkekani akaniambia nimwite baba, nikimzungumzia kwa watu niseme mzee, na kama duniani kuna mtu au kitu kingine chenye jina kama lake, nikitafutie jina lingine. Kijijini yupo mtu wa namna hiyo. Mimi namwita jirani wa kisimani, na mwenyewe ameshazoea. Mama mkwe naye hamtaji mumewe. Anamwita baba watoto, au anakohoa tu, na mzee anajua ni yeye anayekoholewa.

Sikuona taabu yoyote. Nina hasira za karibu, sifichi, lakini yule mzee hajawahi kunipandishia sauti. Nikianza kufoka jikoni yeye huondoka kwenda kuangalia mpunga, hata kama mpunga umeshavunwa. Mtu kama huyo kumheshimu si kazi.

Kompyuta ililetwa na mume wangu kutoka Mpanda mjini, ya mezani, iliyokwisha tumika. Mzee alitoa chumba cha mbele kinachotazama barabara, kilichokuwa ghala lake la mahindi, tukapaka chokaa na kuandika ukutani: kuchapa, kuskani, kuprinti, maombi ya vyuo. Umeme ni wa sola. Virusi vya flashi za wateja vilipoua mfumo wa kwanza, tukaweka Linux, ule mfumo wa bure ambao virusi hivyo haviuwezi. Wakati wa kuuweka, mashine iliuliza mtumiaji anaitwa nani na kompyuta yenyewe iitwe nani. Mume wangu, kwa mapenzi na kwa shukrani ya kile chumba, akaandika jina la baba yake kote kuwili. Hakunifikiria mimi. Yeye ni mtoto wake, anamtaja anavyotaka.

Nikajitafutia mlango wa kutokea. Nilijiambia kwamba mwiko ni wa mdomo, vidole havikuhusishwa. Basi kila asubuhi nilifungua kompyuta, nikaliona jina la baba mkwe limeandikwa katikati ya kioo, nikalipiga kwenye kibodi nilipotakiwa kulipiga, na mdomo nikaufunga. Nilijiona mjanja sana.

Wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba hii, alitaka kusomea uuguzi. Maombi ya chuo yalikuwa yanafungwa saa kumi jioni ya siku ninayoisimulia, na akikosa hapo ni kukaa nyumbani mpaka mwaka mwingine. Cheti chake kilichelewa kutoka shuleni, kikafika jioni ya kuamkia siku hiyo. Nilikiskani palepale. Ningeweza kutuma maombi usiku uleule, lakini nilisema kesho, kwa utulivu. Badala yake, kwa kuwa bando lilikuwa linakaribia kuisha muda wake na sikutaka lipotee bure, niliiruhusu kompyuta ipakue masasisho yake yote, nikalala nimeridhika.

Asubuhi modemu ikagoma. Ni kile kijiti cha kuchomeka chenye laini ya simu ndani. Nimekifunga juu ya mwanzi nje ya dirisha na kukiunganisha na kompyuta kwa waya mrefu, kwa sababu chini mtandao haufiki. Nikichomeka, taa ya kijani inawaka, inapepesa kidogo, inazima. Kwenye kioo, kidirisha cha mtandao kinafunguka kisha kinajifunga chenyewe. Nikachomoa, nikachomeka. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikapanda kwenye kiti na kukifuta kijiti vumbi kwa kanga, utadhani kilikuwa kinalia. Hakikusikia.

Simu kubwa ya mume wangu ingetuokoa, lakini ilikuwa Ikola pamoja na mwenyewe, amekwenda kununua dagaa. Mwalimu mwenye simu kama hiyo alikuwa safarini. Gari la Mpanda lilikuwa limepita alfajiri. Nilichokuwa nacho ni kitochi changu, simu ndogo isiyoingia mtandaoni, na ndani yake namba ya kijana niliyesoma naye kozi ya kompyuta, ambaye sasa ni fundi mjini. Nikampigia.

Chumbani tulikuwa watatu. Wifi alikaa kwenye benchi la wateja na bahasha ya vyeti mapajani. Mama mkwe aliingia kutazama, akakaa juu ya gunia. Nje barazani mzee alikuwa anapukuchua mahindi. Punje tulizisikia zinavyodondoka kwenye beseni.

"Dada, fungua lile dirisha jeusi," fundi akasema, akanitajia amri ya kuandika. "Sasa chomeka modemu, halafu nisomee kinachotokea. Neno kwa neno."

Mistari ikaanza kushuka. Na hapo ndipo nilipoona balaa langu. Kila mstari ulianza na tarehe, ukafuata saa, likafuata jina la kompyuta, ndipo yakaja maneno yenyewe. Mstari baada ya mstari, jina la baba mkwe likiwa limejipanga kutoka juu hadi chini ya kioo. Nikasoma tarehe, nikasoma saa, jina nikaliruka, nikaendelea.

"Kati ya saa na maneno pana nini hapo?" fundi akauliza. "Naona unavuta pumzi."

"Jina la kompyuta."

"Inaitwaje?"

"Inaitwa kompyuta."

Akacheka. "Poa. Endelea."

Alinieleza kwamba modemu za aina ile zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama sidii, ndipo zigeuke kuwa modemu, na akadhani yangu inakwama kwenye kugeuka. Tukahangaika na hilo. Akanifanya nizime programu moja, niwashe nyingine, nibadilishe faili hili, nilirudishe lilivyokuwa. Simu ilikuwa inakatika, napiga tena. Kila tukimaliza, taa inawaka, inapepesa, inazima.

"Programu inayoiendesha inakufa," akasema. "Nataka kujua nani anaiua. Hakuna mstari mwingine hapo chini?"

Ulikuwepo. Ulikuwa mrefu kuliko yote, na jina la mzee lilikuwemo mara mbili, mwanzoni na tena katikati, ndani ya anwani ya folda. Nilipouona macho yalikimbia yenyewe.

"Hakuna cha maana," nikamjibu. "Ni anwani tu ya folda."

Wifi alikuwa amesogea nyuma yangu. Yeye ni damu ya mzee, hana mwiko wowote. "Wifi," akasema kwa upole, "nisome mimi, wewe uandike?"

"Kaa chini," nikamwambia. "Hili si gazeti."

Akarudi kwenye benchi. Leo nikikumbuka mgongo wake akirudi pale, nataka ardhi inimeze. Msaada ulikuwa umesimama nyuma ya kiti changu, nikaufukuza, kwa sababu mimi ndiye mtaalamu wa nyumba na sikutaka mtoto wa shule anisomee kazi yangu mbele ya mama mkwe.

Jua likahama kutoka mlangoni. Betri ya sola ikaanza kupiga kelele zake za kuomba kupumzika. Saa tisa ilikuwa imepita. Nilipogeuka nilimwona wifi analia bila sauti, bahasha ameigeuza ili machozi yasianguke upande wenye jina lake. Mama mkwe akasema taratibu, "Mwanangu, kama haiwezekani, tuambie tujue."

Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Upande wa pili wa simu, fundi naye alikuwa amechoka.

"Dada, mimi nimeshindwa. Ugonjwa siwezi kuujua kwa dalili nusu. Kuna kitu unaniruka."

"Siruki kitu!"

"Unaruka."

Hapo hasira zikanipanda hadi kwenye nywele. Ili kumthibitishia kwamba siruki, nikaukazia macho ule mstari mrefu nikausoma wote, kuanzia tarehe, bila kupumua. Na kwa kuwa mtandao ulikuwa dhaifu, niliusoma kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba.

"Naam," akaitika mzee kule barazani.

Punje zikaacha kudondoka. Mama mkwe akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mimi nilibaki nimeshika simu, masikio yanawaka moto, nikijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Hapohapo dada!" fundi akasema, hana habari. "Folda ya nani umesema? Rudia."

Wifi akainuka, akaichukua simu mkononi mwangu, akausoma ule mstari tena, jina la baba yake likitoka kinywani mwake kwa amani kama salamu. Nilisikia fundi anapiga kofi mezani.

"Si ndiyo hiyo! Kuna draiva ya zamani ya kuendesha modemu mliiweka wenyewe, iko kwenye folda ya mwenye kompyuta. Masasisho ya jana yameleta draiva mpya. Ukichomeka modemu zinaigombania zote mbili, inakufa. Futeni folda ya hiyo draiva ya zamani tu. Basi."

Kivuli kikaingia mlangoni. Mzee alikuwa amesimama, vumbi la mahindi mikononi.

"Nani kaniita?"

Nikapiga magoti palepale kwenye sakafu, uso chini. Aliyejibu ni mama mkwe, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo kabla ya hapo wala baadaye.

"Hakuna aliyekuita. Ni kompyuta."

Mzee akaitazama kompyuta kwa muda, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja bila taarifa. Akanitazama mimi nilipoinama. "Basi iambieni nimeitika," akasema, akarudi kwenye mahindi yake.

Folda aliifuta wifi, mimi nikiwa bado sakafuni. Akachomeka modemu. Taa ikawaka, ikapepesa, ikatulia. Maombi yake aliyatuma mwenyewe, mimi nikimwonyesha kwa kidole tu, na dirisha la kusema yamepokelewa likatokea saa kumi haijafika. Mama mkwe akapiga kigelegele kidogo, cha tahadhari. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikanawa uso, nikanawa tena.

Aibu ya kumtaja mzee niliijua, ina dawa yake. Katika ukoo huu, mkamwana akiteleza ulimi anatoa kuku, mzee anamla, neno linakwisha. Lakini ipo aibu nyingine chini ya hiyo, na ile haina kuku. Mchana kutwa nililinda mdomo wangu, nikajiita mwenye heshima, huku mtoto wa yule ninayemheshimu akipoteza mwaka wake mbele ya macho yangu. Nililinda jina la baba nikamsahau binti yake.

Kesho yake nikamkamata kuku wangu mwekundu, nikampeleka kwa mama mkwe.

"Huyu wa nini?"

"Unajua, mama."

"Mimi nilisikia kompyuta. Ikitaka kulipa, ilete kuku wake."

Akamwachia. Hadi leo yule kuku anazurura uani, kila nikimwona nainamisha macho. Heri wangemchinja, tukamla, tukanyamaza. Faini isiyopokelewa hailipiki.

Wifi alichaguliwa. Asubuhi aliyoondoka nilimbebea sanduku hadi barabarani. Tulisubiri gari tukiongea mambo ya shuka na ndoo, na gari lilipotokea ndipo aliponishika mkono. "Siku ile ungeniachia tu nisome, wifi," akasema. Hakusema kwa ubaya. Nikamjibu kwamba ni kweli, nikampandishia sanduku garini.

Juzi modemu iligoma tena. Nikampigia fundi, naye kama kawaida yake akataka nimsomee, neno kwa neno, nisiruke. Nikatazama benchi, lilikuwa tupu. Mume wangu alikuwa Ikola. Nikamwambia fundi asubiri kidogo, nikatoka barazani, nikapiga magoti.

"Baba," nikasema, "kuna mstari nimeshindwa kuusoma."

Hakuuliza kwa nini. Alijifuta mikono, akavaa miwani yake, akaja akakaa kwenye benchi la binti yake, mbali na mimi inavyopasa. Nikamsogezea simu na kumgeuzia kioo. Akaanza polepole kama mtu wa zamani anavyosoma, kidole hewani kikifuata maneno: tarehe, saa. Halafu kidole kikasimama.

"Hapa ni mimi," akasema.

"Wewe nani, mzee?" fundi akauliza.

Mzee akakaa wima, akalitaja jina lake lote kwa sauti, kama mtoto anayeitikia mahudhurio darasani, na mimi nikaangalia sakafu mpaka alipomaliza.